Ubao wa Vishimo Saba

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Kwa hivyo haya ninayaandika jinsi ninavyosema, na asiyependa aweke chini. Wajukuu wangu huniuliza ile cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu ilitoka wapi. Huwajibu kwamba nilifanya kazi nikaipata. Ni kweli, lakini si yote.

Miaka hiyo ya tisini mume wangu alikuwa amekufa tayari, na mimi nilikuwa mtu wa sehemu mbili. Nyumbani kulikuwa Suna, pale Migori, ambako niliwaacha mama mkwe wangu na mke mwenzangu. Kazi ilikuwa Homa Bay, kwenye duka la vitambaa la mzee mmoja mstaafu. Watu wote walimwita Karani kwa sababu ujana wake aliumaliza kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akiandika kilo za wakulima na kuwalipa. Nilimpikia, nikamfulia, na mchana nilikaa barazani kushona sare za shule na nguo za kanisa kwa cherehani ya marehemu mkewe. Pesa ya kushona ilikuwa yake. Mimi nililipwa ya kupika.

Ile cherehani niliitaka. Naisema mapema ili mtu asinitafutie sababu nyingine. Niliitaka ikae baraza ya nyumba yangu Suna, nishone kwa jina langu, nisiamke tena kumchemshia maji ya kuoga mwanamume ambaye si wangu.

Karani alikuwa na ubao. Ulikuwa wa mvule, ameuchimba vishimo saba vya mviringo, akaufunika kwa kipande cha kitambaa cha kijani kutoka dukani. Kila kishimo kilikuwa cha kuwekea sarafu ile ile moja: senti kumi ya zamani, ya shaba, yenye tundu katikati, taji upande mmoja na pembe za ndovu upande wa pili, ya yule mfalme wa Waingereza aliyeacha kiti kabla hajavalishwa taji. Na si kila senti ya mfalme huyo. Ilitakiwa iwe na herufi ndogo moja, alama ya kiwanda kilichoipiga. Isiyo na herufi hiyo, hata ungempa bure, angekurudishia.

"Watu wengine hukusanya sarafu mia, kila moja na sura yake," aliniambia. "Mimi nakusanya moja tu. Moja, katika kila hali yake, kuanzia iliyokwisha kabisa mpaka ile ambayo haijaguswa."

Nilidhani uzee umempanda kichwani. Lakini nilipofuta vumbi mle chumbani nilizitazama, na siku zilivyopita nikaanza kuzijua. Alikuwa na kitabu kilichotoka ng'ambo kwa posta chenye majina ya hali hizo kwa Kiingereza. Mimi nikazipa majina yangu. Ile ya kishimo cha saba, mpya, taji lake kali kama lilipigwa jana, niliiita mtoto mchanga. Ya sita, bibi harusi. Ya tano, mama wa watoto wawili. Zikashuka hivyo mpaka ya pili, ambayo ilikuwa kikongwe, uso umelala, ila ukiinamisha kwenye mwanga unaona jina kidogo.

Kishimo cha kwanza kilikuwa kitupu.

"Hiki ndicho rahisi, mzee," nilimwambia. "Senti zilizochakaa zimejaa kila mahali."

Akacheka mpaka meno yake ya kununua yakacheza. "Iliyochakaa ndiyo ngumu kuliko zote. Ikichakaa sana, herufi inapotea. Herufi ikipotea, nitajuaje kama ni yenyewe? Mimi natafuta iliyokufa lakini bado inajua jina lake."

Karani alikuwa Msabato. Jumamosi alifunga duka na hakuugusa ubao mpaka jua lizame. Jumamosi moja alikwenda kanisani akausahau mezani bila kitambaa. Mimi nililelewa kwamba kitu cha mezani sharti king'ae. Sufuria zangu ulikuwa ukijiona uso. Nikamtazama yule mtoto mchanga, nikaona amekuwa na rangi ya maini yaliyokaangwa, nikasema moyoni, mzee wa watu hana macho, hajui jinsi vitu vyake vilivyochafuka. Nikachukua jivu na ndimu. Nikasugua pande zote mbili, nikasuuza, nikafuta kwa khanga. Ikawaka kama hereni. Nikairudisha kishimoni na kukaa jikoni nikimngoja anisifu.

Aliporudi jua lilikuwa limezama, akaenda kwenye ubao. Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alichukua kioo chake cha kukuzia, akanishika kisogo, akaniinamisha.

"Unaona nini?"

"Inang'aa, mzee."

"Tazama tena. Unaona mistari?"

"Naiona."

"Hesabu."

"Mzee?"

"Hesabu mistari. Kwa sauti."

Nikahesabu. Nikifika arobaini na kitu napotea, naye ananirudisha mwanzo. Sijui nilisimama hapo muda gani, shingo imeinama, mkono wake kisogoni.

"Kila mmoja ni kidole chako," alisema aliponiachia. "Senti hii imekaa karibu miaka sitini bila mtu kuiumiza. Kumbe ilikuwa inakungoja wewe." Akaitupa uani kupitia dirishani kama mtu anayetupa mfupa. "Haya, Mama Jivu. Lete chakula."

Hilo likawa jina langu. Mbele ya wateja, mbele ya wachuuzi wa samaki, mbele ya watu wa kanisa lake. "Mama Jivu, tuletee chai. Lakini kikombe changu usikisugue!" Na watu wanacheka, hata wasiojua ni cheko la nini.

Asubuhi yake niliiokota ile senti uani. Sikuwa na haja nayo. Niliifunga kwenye pindo la khanga kwa sababu sijazoea kuacha kitu chini.

Karani alimwandikia mwenzake wa Nairobi, akaletewa mtoto mchanga mwingine, na mwezi huo sikulipwa. Kisha siku moja, akila samaki niliyempikia, akasema, "Mama Jivu, uliniharibia mwisho wa ubao wangu. Niletee mwanzo wake. Siku kishimo cha kwanza kitakapojaa, cherehani ni yako."

"Unasema kweli au unanichezea?"

"Nimepima pamba miaka thelathini. Sijawahi kumdanganya mtu."

Wakulima wa pamba wangekuwa na lao la kusema.

Tangu siku hiyo nikawa natazama shingo za watu kabla ya nyuso. Kila nilipopata ruhusa nilizunguka: soko la Migori, Kehancha, mpaka Ntimaru karibu na mpaka, ambako vikongwe wa Kikuria walikuwa bado wana senti zenye tundu katikati ya shanga zao. Nilikaa nao, nikawaomba nishike. Nikajua kupima hali ya senti kwa kidole gumba tu, bila kutazama. Hii mama wa wawili. Hii kikongwe. Wao walicheka.

"Huyu Mjaluo anatafuta mume ndani ya shanga zetu!"

"Mume mwenye tundu! Huyo hatamtoroka, atamfunga kamba."

Waliokubali niliwashonea blauzi, nao wakanipa senti. Nikazipeleka Homa Bay. Karani alizitazama moja moja, akazisukuma kwa ukucha. "Hii ni washa, pete ya bomba," alisema. "Hii nayo washa. Hii haina herufi. Hii ina herufi lakini haijafa vya kutosha. Mama Jivu, cherehani hiyo utaiona ikienda na mtu mwingine." Hivyo ukapita karibu mwaka.

Sasa nimfikie mama mkwe wangu.

Alikuwa ameshapofuka, macho yamefunikwa na weupe. Shingoni alikuwa na uzi wenye kitu cha mviringo. Tangu nilipoolewa nilikikuta, na habari yake kila mtu wa boma aliijua. Mzaliwa wake wa kwanza, kabla ya mume wangu, alikuwa msichana. Alimfunga senti kiunoni kwa uzi, kama wenzake walivyofanya na watoto wao. Mtoto akafa kabla hajatembea. Yeye akauvua uzi ule kwa mtoto, akauvaa mwenyewe, na hakuuvua tena. Akikaa, kidole gumba kilikuwa kinazunguka juu ya ile senti mchana kutwa, hata akizungumza, hata akimkaripia mtu. Uzi ukichakaa alifunga mwingine juu yake, mahali pale pale, fundo juu ya fundo. Mimi nilikuwa nimekiona kitu kile miaka mingi mpaka nikaacha kukiona.

Nilikwenda Suna mwisho wa mwezi, nikamwogesha. Uzi ulikuwa umemchimba shingo, pana kidonda.

"Mama, uzi unakukata. Nikubadilishie."

"Nibadilishie, nyathina," alisema. Ndivyo alivyoniita, mwanangu. "Lakini usitoke nayo nje."

Fundo lilikuwa gumu kama kokwa, limelowa mafuta na jasho la miaka. Nililikata kwa wembe. Senti ikalala kiganjani, laini kama ukucha, haina taji, haina pembe za ndovu, haina kitu. Ila pale fundo lilipokuwa limeketi, herufi ilikuwa imesimama, nzima, imekaa kama mtu ndani ya nyumba yake. Nikageuza. Upande wa pili, chini ya njia ya uzi, mkia wa jina la mfalme.

Sikumwomba. Ningemwomba angekataa, na angekataa ningeiba. Kwa hivyo nilianza na wizi.

Pindoni mwa khanga nilikuwa na ile niliyoisugua. Mfalme yule yule, herufi ile ile. Nikaitia kwenye uzi mpya, nikafunga, nikamvisha. Kidole chake kikapanda hapo hapo. Mimi nikashika karai nikaenda kumwaga maji, na sikurudi upesi. Niliporudi alikuwa amekaa vile vile, kidole kimesimama. Alfajiri nikaenda Homa Bay.

Karani aliiweka chini ya kioo na hakupumua. Kisha akasema taratibu, "Fundo. Ni fundo lililoilinda." Akaitia kishimoni. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya mtu aliyekufa."

Hakuuliza zaidi. Alitazama ubao wake, vishimo saba vyote vimejaa, kutoka aliyekufa mpaka asiyeguswa, na nikaona machozi ya mzee yule kwa mara ya kwanza. Halafu akajifuta.

"Chukua cherehani yako. Na kazi hapa huna tena. Sitaki mwenye cherehani jikoni kwangu."

Niliipakia kwenye lori la mahindi. Mke mwenzangu alinikuta langoni, mikono kiunoni. Alikuwa mnene, mwepesi wa kucheka, na ulimi wake haukuwahi kulala njaa.

"Nyieka wangu!" Ndivyo tulivyoitana sisi wake wenza. "Umeolewa na chuma sasa?"

"Nisaidie kushusha."

"Nikusaidie mimi? Muulize kwanza mama amelala vipi tangu ulipoondoka."

Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka. Alisikia miguu ya cherehani ikigonga saruji. Akauliza ni nini, nikamwambia.

"Umeinunua kwa kitu gani?"

"Kwa mikono yangu, mama."

"Mikono yako naijua." Akainua ile senti kifuani. "Mtoto wangu ameota meno."

"Ni ile ile, mama. Nimeiosha tu."

"Umeiosha."

"Ilikuwa chafu."

Alianza kuisugua. Si kama zamani, polepole. Aliisugua kwa nguvu, kama anayekoboa kitu. Siku zilizofuata mimi nilishona barazani na yeye akasugua mkekani, na tukawa hivyo, mguu wangu na kidole chake. Gumba likatoka lengelenge, likapasuka, akahamia kidole kingine. Siku moja nilimkuta amemwomba mke mwenzangu amletee mchanga. Nikaumwaga. Nilimwambia ataharibu mkeka.

Wateja walikuja. Sare za shule, magauni ya kwaya, mapazia. Watu wa Suna waliniita fundi. Nilipenda neno hilo na bado nalipenda.

Mke mwenzangu hakuweza kuliacha jambo. Bila kuniambia alipanda gari akaenda Homa Bay, akamkuta Karani, akamweleza yote kuhusu mtoto na uzi. Alirudi alasiri. Baraza ilikuwa imejaa kinamama waliokuja kupimwa, na mama mkwe yuko mahali pake. Akasimama katikati yetu.

"Yule mzee nimemwona," alisema. "Nilidhani ni shetani, kumbe ni mtu. Nilipomwambia ilivuliwa shingo gani, aliufunika ubao wake kwa kitambaa. Anasema hawezi kukaa na kitu cha mtoto aliyekufa. Anasema, peleka cherehani, uchukue senti ya mama. Hata nauli ya cherehani atalipa yeye."

Nilikuwa na gauni la mtu chini ya sindano, mshono wa bega.

"Umesikia, nyieka?"

"Nimesikia."

"Kwa hivyo kesho?"

"Kesho nina magauni sita ya kwaya."

"Kesho kutwa basi."

"Nyieka, shika njia yako. Wewe unakula nini hapa? Unga wa juzi ulitoka wapi? Sabuni anayoogea mama ilitoka wapi?"

"Sabuni!" Akacheka, lakini si cheko lake. "Mwanamke huyu anauza mtoto wa mtu anunue sabuni ya kumwoshea mama yake."

Kinamama wote walimtazama mama mkwe. Yeye alikuwa amegeuza uso upande wangu, macho yale meupe, kidole kimesimama juu ya senti. Alikuwa ananingoja. Aliyekuwa hapo hakuwa na haja ya kuambiwa anangoja nini. Neno moja lingetosha, na nilikuwa nalo mdomoni, nalikumbuka hata sasa.

Nikakanyaga. Cherehani ikalia.

Akasikiliza kidogo. "Haya, nyathina," alisema. "Shona."

Hakuniambia tena jambo lolote juu ya ile senti. Aliendelea kuniita nyathina, aliendelea kula chakula changu, na mimi niliendelea kumwogesha. Nikifika shingoni aliishika senti kwa ngumi mpaka nimalize. Mara mbili Karani alituma salamu kwa watu wa samaki kuuliza kama nitakuja. Sikujibu. Baadaye nikasikia amekufa, na watoto wake wameuza kila kitu chake, ubao nao ukaenda na vitu vingine. Sijui uko kwa nani. Mke mwenzangu ndiye aliyemwambia mama mkwe habari hiyo, na mama mkwe akauliza tu kama siku hiyo tumeanika mtama.

Alisugua miaka miwili. Msimu mmoja wa masika, mvua ikinyesha, alilala mchana hakuamka.

Gauni la kumzikia nililishona mimi, jeupe, mikono mirefu. Mke mwenzangu alisema afadhali tununue sokoni kuliko limshukie mama kutoka kwenye cherehani ile. Nilimaliza pindo. Tulipomvisha nikaona senti imezuiwa na kola, nikakata uzi niitoe nje ya gauni. Mke mwenzangu akanishika mkono.

"Hata hii, nyieka? Hata hii?"

"Nataka kuiona tu."

Nikaipeleka dirishani. Nilikuwa bado najua kupima. Rangi ilikuwa imerudi, kahawia ya mkono wa mtu, na mistari ya jivu langu imekwisha yote. Lakini taji lilikuwa na ncha zake karibu zote. Jina la mfalme lilisomeka. Herufi ilisomeka. Nikafunga macho nikapitisha gumba, kama nilivyofanya kwa wale vikongwe wa Ntimaru, maana gumba halimdanganyi mtu. Miaka miwili, vidole vyake vyote, na mchanga aliouficha nisiuone. Alikuwa amefika bibi harusi. Karani angeiweka kishimo cha sita.

Nikatia uzi mpya, nikamfunga tena shingoni. Fundo nikaliweka juu ya herufi.